Aliyeanza Mazungumzo Ndiye Anayepita

Kamera nyingi za Hikvision hutoka kiwandani zikiwa na anwani moja ya mtandao: 192.168.1.64. Fundi akifunga mojawapo juu ya kaunta ya duka la vitenge Mtaa wa Kongo, Kariakoo, huenda akaiacha hivyohivyo. Mwenzake, mitaa michache kutoka hapo, anafunga kamera ya aina hiyo kwenye stoo ya simu Mtaa wa Aggrey, nayo ina 192.168.1.64. Mombasa iko nyingine, Lubumbashi iko nyingine, na Guangzhou, ambako wafanyabiashara wa Kariakoo hupanda ndege kufuata mzigo, ziko nyingi zaidi. Hakuna inayogombana na mwenzake. Sasa mwenye duka yuko Guangzhou. Kule ni saa 4 usiku, Dar es Salaam ni saa 11 jioni, na anataka kuona wasaidizi wake wanavyofunga mahesabu. Anaandika anwani ile kwenye simu yake. Haoni kitu. Makala haya yanaeleza kwa nini haoni, na inakuwaje kwamba fundi akibadilisha jambo moja tu, anaona.

Tuanze na picha yenyewe, kwa sababu uzito wake ndio unaozaa nusu ya matatizo tutakayokutana nayo.

Picha moja ya kamera ya kawaida ya siku hizi ina vitone 1,920 kwa upana na 1,080 kwa kimo, yaani vitone 2,073,600. Kila kitone kinahitaji namba tatu za kueleza rangi yake, baiti moja kwa kila namba, hivyo picha moja inazidi baiti milioni 6. Ili jicho lione mwendo, kamera hupiga picha 25 kila sekunde. Zidisha, utapata baiti milioni 155 kwa sekunde, au biti bilioni 1.24. Hakuna laini ya simu ya Kariakoo itakayobeba mzigo huo kutoka dukani kwenda nje. Kwa hiyo kamera haitumi kila kitu. Ndani yake mna saketi inayofuata kiwango kinachoitwa H.264, kilichoidhinishwa mwaka 2003, nayo hutuma picha kamili mara moja moja, kila baada ya sekunde mbili hivi, kisha kati ya hizo hutuma mabadiliko tu: mkono uliopita, boksi lililosogezwa, mlango uliofunguka. Rafu ya vitenge ambayo haijaguswa tangu asubuhi haitumwi tena na tena. Kwa ujanja huo mzigo hushuka hadi biti milioni 4 hivi kwa sekunde, mara 300 chini ya ule wa mwanzo.

Bado ni mzigo. Biti milioni 4 kwa sekunde ni nusu megabaiti kwa sekunde, gigabaiti 1.8 kwa saa, na zaidi ya gigabaiti 43 kwa siku. Anayenunua bando anajua maana ya namba hizo bila kuelezwa. Ndiyo sababu kamera nzuri huwa na mikondo miwili, mkubwa wa kurekodi palepale dukani na mdogo, wa picha hafifu, wa kutuma nje. Kubana huku kuna gharama nyingine isiyoonekana kwenye bili. Picha nyingi zinategemea zilizotangulia, kwa hiyo kipande kimoja kikipotea njiani, kasoro yake huendelea kuonekana mpaka picha kamili nyingine ifike. Zile rangi zinazoburuzika kwenye kioo na uso wa mtu unaobaki ukutani hata baada ya mwenyewe kupita ni matokeo ya hilo.

Mkondo huo haupiti mtandaoni ukiwa mzima. Hukatwa vipande viitwavyo pakiti, kila kimoja kisichozidi baiti 1,500 kwa kawaida, hivyo kamera yetu hutuma zaidi ya pakiti 330 kila sekunde. Kila pakiti hubeba mbele yake anwani ya iliyotuma na anwani ya inayotumiwa, pamoja na namba mbili za poti. Poti ni namba tu, kuanzia 0 hadi 65,535, inayosema ni programu ipi ndani ya mashine inayohusika. Seva ya tovuti salama husubiri kwenye poti 443, na kamera husubiri watazamaji kwenye poti 554.

Sasa turudi kwenye anwani. Mfumo wa anwani ambao sehemu kubwa ya intaneti bado inautumia, IPv4, uliandikwa mwaka 1981, na kila anwani ina biti 32. Mbili ikizidishwa yenyewe mara 32 ni 4,294,967,296. Kwa watafiti wa wakati ule, bilioni 4 zilikuwa hazina mwisho. Leo watu peke yao wamevuka bilioni 8, achilia mbali kamera zao. Mwaka 1996 wahandisi walitenga rasmi makundi matatu ya anwani ambazo mtu yeyote anaweza kuzitumia ndani ya nyumba au ofisi yake bila kuomba ruhusa, kwa sharti kwamba zisitoke nje. Kundi linaloanza na 192.168 ni mojawapo. Ruta za intaneti ya umma zikiona pakiti inayoelekea 192.168.1.64, huitupa. Simu ya mwenye duka kule Guangzhou ikiandikiwa anwani hiyo, itaitafuta ndani ya hoteli yake mwenyewe, na huenda ikakutana na kamera ya korido.

Basi kamera yenye anwani isiyotoka nje inawezaje kutuma chochote nje? Watanzania tunalo jibu lake tangu zamani, nalo ni S.L.P. Shule nzima ya bweni hutumia sanduku moja la posta. Barua ikija na S.L.P. ya shule na jina la mwanafunzi, karani huipeleka bwenini. Ikija na S.L.P. peke yake, karani hajui ampe nani. Ruta ya dukani inafanya kazi ya karani huyo, tofauti ikiwa kwamba pakiti hazibebi majina, zinabeba poti. Kamera inapotuma pakiti nje, ruta hufuta anwani ya kamera, huweka anwani yake yenyewe, huchagua poti isiyotumika, tuseme 40,217, kisha huandika mstari kwenye jedwali lake: kitakachotoka seva fulani kikija poti 40,217, mpe kamera. Utaratibu huu huitwa NAT, na ulielezwa kwa mara ya kwanza kwenye waraka rasmi wa wahandisi wa intaneti mwaka 1994. Angalia kinachojaza jedwali hilo. Ni pakiti inayotoka, basi. Pakiti inayoingia bila kukuta mstari wake haina pa kwenda.

Kariakoo hali ni ngumu zaidi ya hapo, kwa sababu maduka mengi hutumia ruta za laini ya simu. Kampuni za simu nazo hazina anwani za umma za kumtosha kila mteja, kwa hiyo nazo zina majedwali yao, makubwa mno, na mwaka 2012 kundi zima la anwani, kuanzia 100.64 hadi 100.127, lilitengwa kwa kazi hiyo. Kipimo chake ni rahisi. Ingia kwenye ukurasa wa ruta yako, tafuta anwani iliyopewa na kampuni ya mtandao. Ikianza na 10, au na 100 ikifuatiwa na namba kati ya 64 na 127, uko nyuma ya majedwali mawili, na la pili huna ufunguo wake. Fundi anaweza kushinda siku nzima akifungua poti kwenye ruta ya duka. Kwenye mitambo ya kampuni ya simu hafiki.

Fayawoli ni kitu kingine, japo mara nyingi hukaa ndani ya boksi hilohilo. NAT ilizaliwa na uhaba wa anwani, fayawoli ilizaliwa na hofu. Kazi yake ni kusoma vichwa vya pakiti, moja baada ya nyingine, na kuamua ipi ipite. Za kisasa hukumbuka mazungumzo. Zikiona mashine ya ndani imeanza kuongea na mashine ya nje, huandika, na majibu yakirudi huyapitisha bila maswali. Kanuni ambayo karibu kila ruta huja nayo ni hii: mazungumzo yaliyoanzishwa ndani yapite pande zote mbili, yaliyoanzishwa nje yazuiwe.

Naomba msomaji asimame hapo kidogo, maana hapa ndipo wengi hupotea. Kanuni hiyo inatazama nani ameanza. Picha inaelekea wapi, nani anatuma gigabaiti 43 na nani anatuma maneno mawili ya kukubali, hilo haliihusu. Mwelekeo wa picha na mwelekeo wa kuanzisha mazungumzo ni vitu viwili tofauti kabisa, na mtu akishavitenganisha kichwani mwake, kazi yote ya kupitisha picha mubashara kwenye fayawoli inabaki kuwa utekelezaji tu.

Wapo wanaosema tatizo litakwisha tukihamia IPv6, ambayo anwani zake zina biti 128 na zinatosha kila punje ya mchele sokoni. NAT itakwisha, kweli. Fayawoli itabaki, na kanuni yake itabaki ileile, kwa kuwa hofu iliyoizaa haihusiani na uhaba wa anwani.

Itifaki ambayo kamera nyingi huzungumza, RTSP, ilichapishwa mwaka 1998, na ndani yake mtazamaji ndiye anayeanza. Anaipigia kamera kwenye poti 554, anauliza una mikondo gani, anasema nipe ule wa pili, kamera inaanza kutuma. Ndani ya duka, kati ya kamera na mashine ya kurekodi, mpangilio huu unafaa sana. Kutoka Guangzhou haufanyi kazi, kwa sababu anayeanza yuko nje.

Dawa ni kugeuza mwanzo. Tafuta seva yenye anwani ya umma, mahali popote ambapo panafikika. Weka kitu ndani ya duka, iwe kamera yenyewe, mashine ya kurekodi au kompyuta ndogo ya bei nafuu, kiipigie seva hiyo na kuisukumia picha. Mazungumzo yameanzia ndani, kwa hiyo jedwali la ruta linapata mstari wake, la kampuni ya simu linapata wake, fayawoli inaandika kumbukumbu yake, na njia iko wazi. Mtazamaji wa Guangzhou naye anaipigia seva ileile kutoka ndani ya mtandao wake. Wote wawili wameanza kutoka ndani, wote wawili wanaruhusiwa, wanakutana katikati. Kompyuta ya dukani huongea RTSP na kamera upande mmoja, na upande wa pili huongea na seva kwa lugha nyingine. Picha zenyewe haizifungui wala kuzibana upya, inabadilisha bahasha tu, ndiyo maana mashine dhaifu inatosha.

Njia ya mkato ipo na mafundi wengi huipenda: kufungua poti ya ruta ili yeyote wa nje anayekuja kwenye poti fulani apelekwe moja kwa moja kwa kamera. Mahali ambapo mtandao una anwani ya umma, njia hii inafanya kazi vizuri. Inafanya kazi vizuri kwa wezi pia. Mwaka 2016 programu hatari iliyoitwa Mirai ilizunguka intaneti nzima ikigonga kamera, ruta na mashine za kurekodi zilizo wazi, ikijaribu orodha ya zaidi ya majina na nywila 60 za kiwandani, za aina ya admin na 12345. Ilizipata kwa malaki. Tarehe 21 Oktoba mwaka huo vifaa hivyo vilielekezwa kuishambulia Dyn, kampuni ya Marekani iliyokuwa ikitafsiri majina ya tovuti kuwa anwani, na kwa saa kadhaa watu wengi, hasa Marekani, hawakuweza kufungua Twitter wala Netflix. Wenye kamera hizo hawakujua lolote. Picha zao ziliendelea kuonekana. Walioitengeneza, vijana watatu wa Kimarekani, walikiri makosa mahakamani mwaka uliofuata. Kamera inayoanzisha mazungumzo yenyewe haina poti iliyo wazi kwa dunia, kwa hiyo mgongaji wa namna hiyo hana mlango wa kugonga.

Seva ya kati inaleta faida nyingine, na kwa maoni yangu ndiyo kubwa zaidi kwa wanaorusha matukio. Tuseme harusi inarushwa mubashara kutoka ukumbini na ndugu 50 wanaitazama, wengine Muscat, wengine Minneapolis. Kila mtazamaji akivuta mkondo wake kutoka ukumbini, laini ya ukumbi inapaswa kupandisha megabiti 4 mara 50, yaani megabiti 200 kwa sekunde. Laini za kawaida hushusha kwa kasi na kupandisha kwa taabu. Kukiwa na seva ya kati, ukumbi unapandisha megabiti 4 mara moja, na kunakili kwa ajili ya watu 50 ni kazi ya seva, ambayo iko kwenye jengo lenye nyaya nene. YouTube Live, ukiiondolea mapambo, ni seva ya kati ya namna hiyo kwa ukubwa wa kutisha. Ila mwenye duka wetu haiwezi kumfaa akiwa Guangzhou: China imeifunga YouTube tangu 2009.

Programu zinazokuja na kamera, zile ambazo unaskani alama iliyo chini ya mashine na picha inatokea, hujaribu kwanza kuikwepa gharama ya seva ya kati. Kamera inaipigia seva ya mtengenezaji, simu yako nayo inaipigia. Seva inaona kila mmoja ametokea anwani gani na poti gani, inamwambia mwenzake. Kisha wote wawili wanatumiana pakiti kwa wakati mmoja. Pakiti ya kamera inayotoka inaandika mstari kwenye jedwali la upande wake, ya simu inaandika upande wake, na zinazofuata zinakuta njia imefunguka. Seva inajitoa. Inavutia ukiielewa, lakini inategemea ruta kutumia poti ileile kwa kila anayeongewa naye. Mitambo mingine huchagua poti mpya kwa kila mwenzi wa mazungumzo, na hapo anwani iliyotajwa na seva inakuwa ya uongo kabla haijafika. Ikishindikana hivyo, programu inarudi kimyakimya kwenye seva ya kati, na ndiyo sababu kamera ileile leo picha yake inateleza na kesho inazunguka tu, bila fundi kugusa chochote.

Ukishuka kutoka Kariakoo hadi Kivukoni, tatizo hubadilika sura. Kuanzia Posta hadi ufukweni kuna mahakama, benki, kampuni za meli na hoteli za mikutano, na mitandao ya ofisi hizi ina wasimamizi wanaolipwa kuwa na wasiwasi. Fayawoli za ofisi za namna hii kwa kawaida huchagua hata wanaotoka: ruhusa ni ya poti 443, pengine na 80, basi. Mrushaji wa televisheni ya mtandaoni anafika na kompyuta yake kurusha mkutano, anatumia RTMP, itifaki iliyobuniwa na Macromedia kwa ajili ya Flash, ambayo hupita poti 1935. Flash yenyewe ilizikwa mwisho wa 2020, RTMP ingali inatumika kila siku. Anabonyeza kitufe cha kuanza, sekunde zinapita, programu inasema imeshindwa kuunganika. Tovuti zinafunguka, simu ina mtandao, na yeye analaumu kompyuta. Poti 1935 imefungwa kwenda nje. YouTube na Facebook hupokea RTMPS, ambayo ni mkondo uleule uliosimbwa na kupita poti 443, na mara nyingi kubadilisha mstari huo mmoja kwenye programu kunamaliza shida.

Si mara zote. Fayawoli nyingine huvua usimbaji wa kila kinachopita 443, hukagua ndani, kisha husimba upya kwa cheti chake. Kompyuta za ofisi zimefundishwa kukiamini cheti hicho; kamera na kompyuta za wageni hazikijui, zinagoma, na zina haki ya kugoma. Hapo mafundi wajanja huanza kuchimba handaki, yaani kuuficha mkondo ndani ya mazungumzo mengine yanayoruhusiwa, kwa SSH au VPN. Mimi nashauri uende ukamwone msimamizi wa mtandao kabla ya siku ya tukio. Unamwomba mstari mmoja: kompyuta hii, kwenda seva hii, kwenye poti hii, kuanzia saa 3 hadi saa 8. Ni dakika tano za kazi yake. Handaki lililochimbwa bila yeye kujua hubaki wazi baada ya mkutano kwisha, na mwingine analipata. Zaidi ya hayo, Oktoba 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano nchini, iliwataka watu na kampuni zinazotumia VPN kutoa taarifa zao, kwa hiyo biashara inayotegemea handaki iwe na karatasi zake.

Mahakamani kuna ugumu wa ziada. Tanzania ina kanuni za mwaka 2021 zinazoruhusu mashauri kusikilizwa kwa njia ya mtandao, na shahidi akiwa Mwanza anahojiwa na wakili aliyeko Dar es Salaam, picha inakwenda na kurudi. Mtazamaji wa harusi hajali akichelewa sekunde 10. Wakili anajali, kwa kuwa mazungumzo huanza kuharibika ucheleweshaji wa upande mmoja unapozidi milisekunde 150 hivi: watu wanakatizana, wanasubiriana, kisha wanakatizana tena. Hapa tunalazimika kuchagua kati ya tabia mbili za usafirishaji, TCP na UDP.

TCP huahidi kwamba kila pakiti itafika, na kwa mpangilio. Moja ikipotea, zilizo nyuma yake husubiri mpaka iliyopotea itumwe upya, hata kama zimeshafika. Kwa barua pepe hilo ni sawa. Kwa picha mubashara, pakiti iliyochelewa imeshapitwa na wakati, na kuingoja ndiko kunakoleta ile picha inayoganda halafu kukimbia. UDP haiahidi kitu: inatuma na kusahau. Picha haigandi, bali inachafuka kidogo. Kati ya hizo mbili kuna SRT, ya kampuni ya Haivision, ambayo programu yake ilifunguliwa kwa umma mwaka 2017. Hutumia UDP, lakini unaipa muda maalumu, tuseme milisekunde 400, na ndani ya muda huo inaruhusiwa kuomba upya vilivyopotea. Muda ukipita, inaachana navyo na kusonga mbele. Kwa kurusha kupitia laini ya simu, nikiulizwa, nitachagua SRT kabla ya RTMP. Lakini fayawoli nyingi za ofisi hazipendi UDP hata kidogo, na hapo unarudi kwenye TCP ya 443 ukijua unachopoteza. Vivinjari vyetu hufanya uamuzi huo vyenyewe: mfumo wa WebRTC unaotumika kwenye mikutano ya mtandaoni hujaribu kwanza moja kwa moja, kisha seva ya kati kwa UDP, kisha kwa TCP, na mwisho kabisa poti 443.

Kuna kosa dogo linalowasumbua wengi. Mistari ya jedwali la NAT haiishi milele. Mwongozo wa mwaka 2007 unataka mstari wa UDP udumu angalau dakika 2 bila pakiti, lakini vifaa vingi hufuta mapema zaidi. Kamera iliyopangwa kutuma picha pale tu kitu kinaposogea hukaa kimya usiku kucha, mstari wake unafutwa, na agizo la kutoka kwenye seva halifiki tena. Kamera inayoishi nyuma ya jedwali sharti itume pakiti ndogo ya kujitambulisha kila baada ya sekunde 20 au 30, hata kama haina la kusema.

Limebaki swali la mahali pa kuiweka seva. Mwanga ndani ya uzi wa kioo husafiri kilomita 200,000 hivi kwa sekunde, yaani kilomita 200 kwa kila milisekunde. Seva ikiwa Ulaya, umbali wa nyaya tuuweke kilomita 8,000 tu. Picha ya duka la Kariakoo inayotazamwa na mwenyewe akiwa nyumbani Mbagala itasafiri kilomita 16,000, milisekunde 80 za mwanga peke yake, kabla ya foleni za ruta. Kwa ulinzi wa duka si kitu. Kinachoumiza ni utegemezi. Februari 2024 kipande cha waya wa SEACOM ndani ya Bahari ya Shamu kilikatika, na data za eneo hili zikageukia zaidi njia ya kusini. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nyaya za SEACOM na EASSy zote zikakatika baharini kaskazini mwa Durban, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoathirika sana. Mtu mwenye seva ya ng'ambo siku ile huenda hakuweza kuliona duka lake lililo mwendo wa daladala moja, ingawa duka lina umeme, kamera ni nzima na laini ya simu ina bando. Mwenye seva iliyokaa ndani ya nchi alikuwa na nafasi ya kuendelea, kwa sababu Dar es Salaam ina kituo cha kubadilishana data, TIX, ambapo kampuni za mtandao hupeana pakiti za hapa nyumbani bila kuzipitisha baharini. Majengo ya kupangisha seva yapo, likiwemo la Kituo cha Taifa cha Data pale Kijitonyama. Kwa watazamaji walio Tanzania, kuirusha picha hadi Ulaya na kuirudisha ni uzembe wa mpangilio.

Sheria nayo ina neno hapa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na sura ya mteja aliyesimama kwenye kaunta yako ni taarifa binafsi. Kuihifadhi kwenye seva iliyo nje ya nchi kuna masharti yake. Mikataba mirefu ya programu za kamera, ile tunayobonyeza kukubali bila kusoma, ndimo inamoelezwa picha zinakwenda nchi gani.

Kwa hiyo ukienda kununua kamera, muulize fundi mambo mawili kabla ya kuuliza bei. Je, kamera itaipigia seva yenyewe, au utafungua poti kwenye ruta yangu? Na hiyo seva iko wapi? Akikujibu kwamba atafungua poti na kuiacha nywila ya kiwandani ili usiisahau, mshukuru, kisha mtafute fundi mwingine.